Kudeti ukiwa LGBT: ongeeni haya mapema kabla hayajawa kesi

Mwanamke na mwanaume wakianza kudeti njia wameshaikuta, nani aanze kutongoza, wazazi wajue lini, ndoa inakuja lini. Sisi hatujaachiwa njia hiyo, nchi ya kwanza kuruhusu ndoa ya jinsia moja ni Uholanzi na ni 2001, yani juzi tu, kwa hiyo kila mtu anakuja na sheria zake kichwani na anadhani mwenzie anazo hizohizo.

Anza na hili, mko wawili tu au la? Usisubiri. Mimi nilikaa na mtu miezi mitano nikijua tumeshatulia, siku moja nachukua simu yake niseti alamu nakuta apu ya kudeti imejaa meseji, namuuliza ananiangalia kwa mshangao wa kweli kabisa, "kwani tulikubaliana lini?" Na kweli hatukuwahi. Siku hizi nauliza mapema, "kwako wewe kuchepuka ni nini?" maana kuna mtu hata busu ni kosa, na mwingine kulala na mtu wa nje sio kesi ila ukianza kumpenda ndo umevunja. Mkikubaliana wengine ruksa basi semeni mpaka vitu vidogo, marafiki zetu je? nyumbani kwetu je? tunaambiana au hatuambiani? Alafu baada ya miezi kadhaa kaeni tena, mtu hubadilika.

Hapohapo ongeleeni kupima. Kumuuliza amepima lini sio kumtuhumu, na anayetumia PrEP (dawa za kumkinga asiye na virusi asiambukizwe HIV) hupimwa HIV kama kila miezi 3 kwa hiyo tarehe anayo (ila PrEP haizuii kaswende wala kisonono). Mwenzio akikwambia ana virusi ila anameza dawa na havionekani kwenye kipimo, usikimbie. Utafiti wa PARTNER2 uliotoka 2019 ulifuatilia karibu kapo 800 za wanaume, mmoja anavyo ila havionekani kwenye kipimo, mwingine hana, walikuwa wanafanya bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mpenzi wake.

Jambo la kujificha sasa. Hapa anafuatwa anayeogopa zaidi, sio aliye huru zaidi. Muulize nani anajua, na nikikukuta na ndugu yako njiani nijitambulishe vipi. Unaweza kuposti picha ya mikono tu juu ya meza ukaona uko salama, kumbe binamu yake ameitambua saa. Kiswahili angalau kinatubeba, "mpenzi wangu" na "yeye" hazisemi ni wa kike au wa kiume. Na hata mkiachana kwa matusi, siri yake usiitoe, hilo kwangu halina mjadala. Ila na wewe unayeficha jua mwenzio anaumia, miaka miwili anaitwa "rafiki yangu tunakaa wote" sio mchezo, mpe hata mtu mmoja wa kwenu anayejua.

Nani mume nani mke? Hakuna, anayejua kupika apike. Mwenzio akiwa trans, yani jinsia anayojijua nayo sio ile aliyopewa alipozaliwa, muulize anaitwaje na anapenda uite "dada" au "kaka", mambo ya mwili atakwambia akiwa tayari.

Maeks wataendelea kuwepo, duara letu dogo, utamkuta eks wake kwenye kila bethdei na mara nyingi ni marafiki tu kweli. Usimwambie achague. Ila kama eks bado ana funguo ya nyumba, hapo uliza.