Pandanisha Nyanya Yako Mwenyewe Kwenye Roshani

Cal J ni aina ya nyanya iliyo fupi, inatosha kwenye debe, lakini ganda lake gumu linafaa safari ya lori hadi soko la Marikiti kuliko kachumbari. Moneymaker ina maji na utamu, ila hupanda mpaka kwa jirani wa juu. Hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, nilitaka mche mfupi wenye tunda la Moneymaker. Unahitaji kibano cha nyusi, spiriti, uzi mwekundu na subira.

1. Chagua mama. Hapa usiharakishe. Ufupi wa Cal J unatokana na jeni inayoitwa sp, iliyoonekana mara ya kwanza Florida, Marekani, mwaka 1914. Ni jeni inayojificha: mche hauwi mfupi mpaka uirithi kwa mama na kwa baba. Basi Cal J awe mama, Moneymaker awe baba, na watoto wote watatoka warefu. Ukiona mfupi, ujue ua lilijichavusha kabla hujafika. Mara ya kwanza nilifanya kinyume. Miche ikarefuka, nikashangilia, nikapanda mbegu zake. Wajukuu nao wakarefuka wote. Miezi yote ile nilikuwa nalea Moneymaker tupu.

2. Hasi ua. Jioni, tafuta ua la Cal J litakalofunguka kesho: petali zimechungulia tu, manjano yake bado imepauka. Vyavulio vya nyanya, sehemu za kiume zenye chavua, vimeshikana kama koni kuizunguka stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, ndiyo maana hujichavusha. Futa kibano kwa spiriti, chana koni ubavuni, ibandue kipande kwa kipande hadi kibaki kijiti cha kijani peke yake. Kikivunjika, hamia ua jingine. Mkono wangu bado huvunja vingi. Funga uzi, kisha kata ncha za sepali mbili, vile vijani vya kijani chini ya petali. Uzi hupeperuka, sepali iliyokatwa hubaki hivyo mpaka tunda liive.

3. Chavusha. Kesho yake saa nne asubuhi, chuma ua la Moneymaker lililofunguka vizuri, uligongegonge juu ya kioo cha simu iliyozimwa. Kwenye weusi ule utaona vumbi hafifu. Lichote kwa ukucha, gusa nalo stigma. Rudia siku inayofuata. Julai mimi hupumzika: baridi ya usiku hudhoofisha chavua, maua yakaanguka tu.

4. Mbegu. Tunda huiva baada ya siku 45 hadi 60. Kamua, acha mbegu kwenye maji yake siku mbili tatu utando uoze, osha, anika kivulini.

5. Chambua vizazi. Hao ni F1, yaani kizazi cha kwanza, herufi zile zile za kwenye pakiti ya Anna F1, na wote hufanana. Waache wajichavushe. Kwenye F2, kizazi cha pili, ukoo hutawanyika: takriban robo ya miche huwa mifupi, kwa hiyo kati ya 16 tarajia kama minne. Ufupi huo haupotei tena. Tunda ndilo bado hubadilika. Onja kila mche mfupi, hifadhi mbegu za uliokupendeza, urudie hadi kizazi cha sita au cha nane. Ukitaka kuuza mbegu, hiyo ni habari ya KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia ubora wa mbegu Kenya.

Mimi niko F4. Nina miche mitano, minne ina tunda la duara lenye maji. Wa tano umerithi ganda gumu la bibi yake Cal J, na leo unaingia kwenye sufuria ya maharagwe pamoja na mbegu zake zote.