Kupanga magari ya jeshi gatini kabla ya kupakia meli ya roro

Meli ya roro ni ile ambayo magari huingia na kutoka kwa kuendeshwa. Anza na bandari ya kushukia: gari litakalotangulia kushuka huingia melini mwisho. Kwa hiyo mistari ya yadi ifuate mpango wa sitaha, wala si mpangilio wa vikosi. Makamanda hulalamika, waache walalamike.

Usiamini vipimo vya kitabu. Pima gari likiwa na mzigo wake, pamoja na winchi, antena na gurudumu la akiba. Sentimita chache za turubai zinatosha kulizuia mlangoni.

Kisha pima uzito kila ekseli. Lori lenye kilo 4,000 mbele na 6,000 nyuma, ekseli zikiachana mita 4: zidisha 6,000 kwa 4, gawanya kwa 10,000. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wa gari husawazika, kiko mita 2.4 nyuma ya ekseli ya mbele. Kiandike kwa chaki ubavuni, pande zote mbili. Mzigo ukiongezwa, pima upya.

Vifaru vipewe njia yake iliyonyooka, kwani minyororo yake huchana lami vinapokata kona. Tela ziegeshwe tayari kurudi nyuma. Na dereva asiondoke na ufunguo.