Somo: Kupima nguvu na udhaifu wa mbinu za utafiti katika saikolojia, hatua kwa hatua

Kinachowapunguzia wanafunzi alama kwenye mada hii mara nyingi si kutojua. Wanajua vizuri tu kwamba jaribio la maabara lina udhibiti mkubwa lakini liko mbali na maisha ya kawaida, kwamba hojaji ni nafuu lakini watu hupamba majibu, kwamba uchunguzi kifani una kina lakini ni wa mtu mmoja. Tatizo ni kwamba sentensi hizo hizo hubandikwa kwenye kila utafiti, zihusike zisihusike. Mbinu haina nguvu wala udhaifu mpaka ujue imetumwa kujibu swali gani.

Kwa hiyo tushike swali moja tulipitishe kwenye mbinu zote: je, simu ikiwa mezani, hata kama imezimwa sauti, humpunguzia mtu uwezo wa kukumbuka maneno aliyoyasoma muda mfupi uliopita?

Hatua ya 1: Soma kitenzi cha swali

"Wangapi huweka simu mezani wanaposoma?" linataka maelezo ya hali ilivyo. "Je, wanaotumia simu sana hukumbuka kidogo?" linauliza kama mambo mawili huenda pamoja. "Humpunguzia" linadai sababu. Ukishajua dai ni la aina gani, nusu ya tathmini imekwisha, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote ni mbinu ya aina ya pili kubebeshwa hitimisho la aina ya tatu.

Hatua ya 2: Likiwa jaribio, kagua mpango wake

Hapa ndipo pa kukaa. Jaribio ndilo linalobeba dai la sababu vizuri kuliko mbinu nyingine, na ndilo lenye viungo vingi vya kuharibika.

Andika pembeni mambo matatu: mtafiti anabadilisha nini (kigeu huru: simu iko mezani au chumba kingine), anapima nini (kigeu tegemezi: idadi ya maneno yaliyokumbukwa), na nani anaingia kundi gani kwa utaratibu upi. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Kama washiriki walijichagulia wenyewe kuacha simu nje, hilo si jaribio la kweli. Huenda wanaoiacha nje walikuwa na umakini zaidi tangu awali. Kupanga makundi kwa nasibu ndiko kunakozuia tofauti za namna hiyo zisiegemee upande mmoja. Usichanganye na kuchagua sampuli kwa nasibu: kupanga kwa nasibu kunalinda dai la sababu, kuchagua kwa nasibu kunalinda haki ya kujumlisha matokeo kwa watu wengine. Tafiti nyingi za saikolojia zina la kwanza na hazina la pili.

Kisha angalia kipimo chenyewe. Orodha ya maneno 8 itakumbukwa karibu yote na makundi yote mawili, alama zitagonga dari, na utasema simu haina athari wakati kipimo ndicho kilichokosa nafasi ya kuionyesha. Tumia maneno 20, kila moja likionyeshwa kwa sekunde 2. Baada ya neno la mwisho mshiriki ahesabu kurudi nyuma kwa tatu-tatu kwa sekunde 30, kisha apewe dakika 2 za kuandika anayoyakumbuka. Kuhesabu huko si pambo. Bila hiyo, maneno ya mwishomwisho bado yanazunguka kichwani, na utakuwa unapima kitu kingine.

Je, kila mtu afanye mara moja au mara mbili? Makundi tofauti hayana tatizo la mpangilio, lakini yanahitaji watu wengi: ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kunasa tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5, yaani nusu ya mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), huku ukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo, iwe upande wowote, unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa ndogo (d = 0.2), idadi inaruka hadi karibu 394 kila kundi. Watu wale wale wakifanya hali zote mbili, 34 wanaweza kutosha iwapo uwiano kati ya alama zao za hali hizo mbili ni 0.5. Gharama yake ni mazoezi na uchovu: raundi ya pili si sawa na ya kwanza. Dawa ni nusu waanze na simu na nusu wamalizie nayo. Unahitaji pia orodha mbili za maneno, A na B, nazo zibadilishane. Hapo unapata mipangilio 4, kwa hiyo 34 haigawanyiki sawasawa, chukua 36. Kuna lisilotibiwa na mpangilio wowote: aliyefanya hali zote mbili ameshaona simu ikitolewa, na amekisia lengo lako.

Mwisho, nani anasahihisha? Kama anajua karatasi ipi ni ya kundi lipi, mkono wake utakuwa mwepesi kwenye neno lililoandikwa vibaya. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi Hans wa Berlin, aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alipatia tu pale aliyemuuliza alipojua jibu na farasi akaweza kumwona. Muulizaji hakudanganya, mwili wake ulitoa ishara bila yeye kujua. Basi karatasi zipewe namba, na msahihishaji asijue namba ipi ni ya nani.

Hatua ya 3: Ukiwa uwiano, kataa kusukumwa

Tuseme umepima saa za simu kwa siku na alama za kumbukumbu, ukapata r = -0.30 (r ni kipimo cha uwiano, huanzia -1 hadi 1; hasi maana yake kimoja kikipanda kingine hushuka). Zidisha kwa yenyewe: 0.09. Maana yake asilimia 9 ya tofauti za alama inaendana na saa za simu, na asilimia 91 haiendani. Halafu kuna njia tatu za kuisoma: simu inadhoofisha kumbukumbu, au mwenye kumbukumbu dhaifu hutegemea simu, au usingizi mchache unaleta yote mawili.

Usiishie kwenye "uwiano si sababu", kila msahihishaji ameisoma hiyo mara elfu. Taja kigeu cha tatu kinachowezekana kwa utafiti huo. Tazama pia mchoro wa nukta: uhusiano unaopanda kisha ukashuka unaweza kutoa r karibu na 0 ingawa upo wazi machoni. Nguvu ya mbinu hii ni kugusa mambo ambayo maadili hayaruhusu kuyabadilisha kwa makusudi. Huwezi kumnyima mtu usingizi mwaka mzima, lakini unaweza kumpima alivyo.

Hatua ya 4: Ikiwa hojaji au mahojiano, soma maswali moja moja

"Je, simu hukusumbua na kukuchosha unaposoma?" Hayo ni maswali mawili kwenye sentensi moja, anayesumbuliwa bila kuchoka atajibuje? Yatenganishe. Kuna pia watu wanaokubali kila kauli, ndiyo maana nusu ya kauli hugeuzwa: "Naweza kusoma saa nzima bila kuikumbuka simu." Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, alama ya kauli iliyogeuzwa lazima ipinduliwe kabla ya kujumlisha, yaani 6 kutoa alama aliyoweka mshiriki. Ukisahau, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi kauli za hojaji zinavyoendana) inaporomoka, wakati mwingine chini ya sifuri, nawe unalaumu hojaji.

Ukiwauliza watu wanatumia simu saa ngapi kwa siku, watakupa makisio. Rekodi ya matumizi iliyomo ndani ya simu ni kipimo bora, ikiwa wameridhia kuionyesha. Mahojiano yenye maswali huru yanakupa sababu ambazo hukuziwazia, ila kila dakika iliyorekodiwa inataka dakika kadhaa za kunakili na nyingine za kuainisha.

Hatua ya 5: Ukiwa ushuhudiaji, dai kapa (makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati)

Washuhudiaji wawili wanatazama video ya mtu anayesoma, iliyokatwa vipande 100, kila kimoja wakiandika "ametazama simu" au "hajatazama". Wanakubaliana kwenye vipande 90. Asilimia 90 inapendeza, sivyo? Lakini tuseme kila mmoja ameandika "hajatazama" mara 90. Hata wangekuwa wanabahatisha tu, wangekubaliana 0.9 × 0.9 + 0.1 × 0.1 = 0.82. Kapa ya Cohen ni (0.90 - 0.82) ÷ (1 - 0.82), yaani 0.44. Si makubaliano ya kujivunia. Chanzo mara nyingi ni fasili legelege: je, kuigusa simu bila kuitazama kunahesabiwa? Amueni kabla ya kuanza, mfanye mazoezi kwenye video nyingine, ndipo mhesabu.

Hatua ya 6: Ukiwa uchunguzi kifani, uliza unavunja nini

Mtu mmoja hatoshi kukupa wastani. Anatosha kuvunja dai la "daima". Henry Molaison, aliyejulikana kama H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 na baada ya hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Hata hivyo, siku baada ya siku aliimarika katika kuchora nyota kwa kutazama kioo, bila kukumbuka kwamba amewahi kuichora. Baada ya hapo ikawa vigumu kudai kumbukumbu ni kitu kimoja.

Hatua ya 7: Andika hoja yenye miguu mitatu

Miguu yenyewe: kilichofanyika kwenye utafiti huo, kwa nini ni nguvu au udhaifu, na hitimisho linaguswa vipi. Chukua Loftus na Palmer, 1974: waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani, wakibadilisha kitenzi cha swali kutoka kundi hadi kundi.

Hoja dhaifu: "Ulikuwa wa maabara, kwa hiyo hauna uhalisia."

Hoja yenye uzito: "Wanafunzi 45 walitazama ajali kwenye filamu fupi. Hawakuwa na hofu, na jibu lao halingemtia mtu hatiani. Kwa hiyo hatuwezi kuchukulia kwamba shahidi wa ajali halisi angeyumbishwa na kitenzi kwa kiwango hicho hicho. Kwa upande mwingine, makundi yote yaliona filamu zile zile, hivyo tofauti kati ya zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa kwa walioulizwa magari 'yalipopondana' na 31.8 kwa walioulizwa 'yalipogusana' haiwezi kuelezwa kwa kuona ajali tofauti."

Maswali ya wanachama

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Nimesoma kwamba hojaji inahitaji watu 384. Mimi nimepata majibu 600 mtandaoni kwa kusambaza kiungo kwenye makundi. Niko salama?

Jibu: Hapana. 384 ni kwa sampuli nasibu kutoka kundi kubwa, ukitaka ukingo wa makosa usiozidi asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95. Majibu yako yametoka kwa watu waliomo kwenye makundi hayo, wenye simu mkononi, walioamua kujibu. Kwa swali la simu, hao ndio hasa wasiowakilisha watu wote. Wingi hupunguza kubahatisha, hauondoi upendeleo. Eleza jinsi ulivyosambaza na upunguze upana wa dai lako.

Swali: Uthabiti na uhalali bado vinanichanganya.

Jibu: Mizani inayozidisha kilo 3 kila unapopanda ina uthabiti, uhalali haina. Kinyume chake hakiwezekani: kipimo kinachotoa jibu jipya kila siku kwa kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa kinapima kitu hicho.

Swali: Ndugu, nilipima watu 24 nikapata p = 0.08. Nikiongeza kidogo kidogo hadi ishuke chini ya 0.05 kuna ubaya?

Jibu: Upo. p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo au zaidi iwapo kwa kweli hakuna athari. Ukichungulia kila baada ya watu wachache na kusimama pale inapokupendeza, nafasi ya kupata matokeo ya uongo inapita ile asilimia 5 uliyoahidi. Panga idadi kabla, au ukiongeza, sema wazi kwamba uliongeza baada ya kuona matokeo. Mazoea haya yanatajwa miongoni mwa sababu za kilichoonekana mwaka 2015, tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa: asilimia 97 za awali zilikuwa na p chini ya 0.05, na ziliporudiwa ni asilimia 36 tu.

Swali: Naomba kujua, nikitafsiri kipimo cha Kiingereza kwa Kiswahili, uhalali wake unahamia kwenye tafsiri?

Jibu: Hauhamii. Mtu wa kwanza atafsiri, wa pili ambaye hajaona asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe kauli kwa kauli. Zinazosumbua sana ni za hisia: "wasiwasi" unaweza kubeba maneno mawili au matatu ya asili. Halafu ijaribu kwa watu kama 10, ukimwomba kila mmoja aeleze ameielewaje kila kauli kabla ya kuijibu. Alfa ihesabiwe upya kwa data yako. Usinakili ya toleo la asili.