Betri inalala kila asubuhi? Msake anayenyonya chaji kabla hujanunua betri nyingine

Asubuhi unapiga stata inajibu tik tik tik, jirani anakuja na waya mnabusti, gari inawaka, unazunguka nayo siku nzima haisumbui, kesho yake yale yale. Hapo wengi wanakimbilia dukani. Usiende kwanza. Kama kuna kitu kinanyonya chaji gari ikiwa imezimwa, hata betri mpya nayo italiwa, alafu betri hizi za gari hazipendi kabisa kuishiwa, ikishalala mara kadhaa uwezo unashuka hata uichaji vipi. Ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Vifaa ni multimita ya digitali, ile yenye tundu la 10A, na spana namba 10. Hata ya bei ya chini inatosha.

Kwanza tuitoe betri yenyewe kwenye lawama. Ichaji ijae, chomoa kichwa cha negativu, iache hivo usiku kucha. Asubuhi pima volti: ikiwa bado kwenye 12.6 hivi, betri ni nzima na mwizi yumo ndani ya gari, ikiwa imeporomoka mpaka 12.0 wakati haijaungwa na chochote basi imechoka, hiyo badilisha tu. Rudisha kichwa, washa gari, pima tena, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu altaneta haichaji, na hilo ni tatizo lingine kabisa. Na fundi akitaka kuchomoa kichwa cha betri gari ikiwa inaunguruma eti anapima altaneta, mkatalie, volti zinaruka juu ghafla na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inaweza kuungua.

Sasa kipimo chenyewe. Zima gari, toa ufunguo, kama ni ya kubonyeza batani peleka rimoti ndani ya nyumba mbali na gari. Mlango wa dereva uache wazi maana utahitaji kufika kwenye fyuzi za ndani, ila idanganye gari ione umefungwa: ikiwa ina kale kaswichi ka mpira kwenye nguzo ya mlango kabane na selotepu, ikiwa swichi iko ndani ya loki isukume loki kwa bisibisi mpaka ijifunge (na uvute kitasa kuiachia kabla hujaubamiza mlango, la sivyo utapinda loki bure).

Waya mwekundu wa mita uhamishe kwenye tundu la 10A, kitufe kizungushe kwenye ampia za DC. Legeza kichwa cha negativu ukitoe, alafu ncha moja ya mita iguse kichwa ulichokitoa na nyingine iguse nguzo ya negativu ya betri, yaani moto wote unaoenda kwenye gari upitie kwenye mita. Usije ukagusa pozitivu na negativu kwa pamoja mita ikiwa kwenye ampia, hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Na usiwashe swichi wala kupiga stata, stata inavuta ampia zaidi ya 100, fyuzi ya mita inakatika papo hapo.

Mwanzo namba itakuwa kubwa, ampia 1 au hata 3. Tulia. Kompyuta za gari hazilali mara moja, zipe dakika 20 mpaka 40, utaona namba inashuka kwa hatua. Hapa ndo watu wengi wanapotea njia, wanaona 1.5 wanaanza kufungua dashibodi wakati gari ilikuwa haijalala tu. Ikitulia chini ya 0.05, yaani miliampia 50, gari haina shida. Betri ya saizi ya NS60 ina ujazo wa kama ampia-saa 45 (ampia 1 kwa masaa 45), kwa 0.05 ingechukua masaa 900 kuisha, zaidi ya mwezi, lakini ikisoma 0.5 ni masaa 90, na stata haisubiri betri iishe yote ndo igome, siku ya pili au ya tatu ushakwama.

Namba ikigoma kushuka nenda kwenye fyuzi. Mtu mmoja aangalie mita, wewe chomoa moja moja, ile ambayo ukiichomoa namba inadondoka ndo njia yenyewe. Njia nzuri zaidi ni kutochomoa kabisa, maana ukirudisha fyuzi unaweza ukaamsha kompyuta ukaanza kusubiri upya: ukiwa na mita ya pili iweke kwenye milivolti, gusa vile vidoti viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi, ikisoma sifuri hapapiti kitu, ikisoma chochote moto unapita hapo.

Fyuzi haikwambii kifaa, inakwambia laini tu. Kwa hiyo nikikuta ni ya redio naanza na redio iliyofungwa baadaye, siyo iliyokuja na gari, mafundi wengi wanasokota waya wa njano na mwekundu pamoja ili iwake bila ufunguo, basi hailali kamwe. Vifuatavyo ni alamu na trekka (vifaa vya kufuatilia gari lilipo) zilizofungwa kwa haraka. Ikiwa ni fyuzi ya STOP, yaani taa za breki, chungulia juu kwenye mkono wa pedali ya breki, kuna kaplastiki kanakobonyeza swichi, kakizeeka kanavunjika vipande unavikuta kwenye kapeti na taa za breki zinakesha. Fyuzi ya DOME, yaani taa za ndani, mara nyingi ni taa ya buti, wati 5 tu lakini ni kama ampia 0.4: weka simu ndani ikirekodi video, funga buti, kisha angalia kama taa ilizimika. Rilei (swichi ya umeme inayowasha kifaa) iliyonata utaisikia ina joto wakati gari imekaa muda mrefu.

Na kama umepitia fyuzi zote namba haijatikisika, shuku altaneta, dayodi zake, zinazoruhusu moto upite upande mmoja tu, zikivuja zinarudisha moto kinyumenyume. Toa kichwa cha betri, fungua ule waya mnene wa altaneta, uzungushie selotepu usiguse bodi, pima tena. Ukishatengeneza chochote rudia kipimo chote pamoja na ile nusu saa ya kusubiri.