Mjamzito Gerezani: Kadi, Dozi na Ufunguo wa Usiku

Mwanamke akipokelewa, aulizwe hedhi ya mwisho siku hiyo hiyo, faraghani, na muuguzi au askari wa kike. Asiyekumbuka tarehe atakumbuka msimu: ilikuwa kabla ya minada ya korosho au baada? Chukua siku ya kwanza ya hedhi hiyo, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi ya 10 Machi, mtoto ni karibu na 17 Desemba. Kipimo cha mkojo kifanywe kwa ridhaa yake. Kikionyesha hana mimba na hedhi bado haijaja, kirudiwe baada ya wiki 2.

Kadi ya kliniki isifungiwe stoo pamoja na mali zake. Ikae zahanati ya gereza, na akihamishwa iende naye, maana bila kadi hakuna ajuaye amemeza dozi ngapi za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Kwa malaria ya Mtwara na Lindi, hiyo si dawa ya kuruka: vidonge 3 kwa mpigo kuanzia wiki ya 14, kisha kila baada ya wiki 4 hadi ajifungue, akimeza mbele ya muuguzi. Kumpa aende navyo selo ni kujidanganya. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP. Dawa hizo ni za jamii moja na madhara yake hujumlika.

FeFo, yaani madini ya chuma na asidi ya foliki, ni kidonge 1 kila siku, mbali na chai, kwani chai huzuia madini ya chuma. Mwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, la sivyo ataogopa aviache.

Shida kubwa ni usiku, milango ikishafungwa. Kuanzia wiki ya 36 daftari la zamu lionyeshe nani ana ufunguo, gari lipi litatoka, na namba ya simu ya wodi ya wazazi, iwe hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi). Chupa ikivunjika, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, degedege, au mtoto akiacha kucheza: mlango ufunguliwe kwanza, ruhusa iandikwe baadaye. Pingu hazifungwi wakati wa uchungu, wa kujifungua wala mara tu baada yake. Ndivyo isemavyo kanuni ya 24 ya Kanuni za Bangkok za 2010, kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wafungwa. Mama aliyefungwa kitandani hageuziki haraka akipata degedege.

Akirudi gerezani, pedi apewe bure na zihesabiwe: ikiloa chapachapa ndani ya saa moja, arudishwe hospitali.