Msamiati wa Kiingereza kwa Mtihani wa SAT: Njia ya Mwanafunzi wa Kigoma

Matokeo mazuri ya kidato cha sita yanatosha kumwombea mwanafunzi nafasi katika vyuo vikuu vya hapa nchini. Anayelenga Marekani ana kazi ya ziada, kwa kuwa baadhi ya vyuo vya huko humtaka awasilishe alama za SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea nafasi chuoni, na vingine vingi, ingawa havilazimishi, huzipokea na kuzizingatia. Kwa aliyesoma sekondari mkoani Kigoma, sehemu inayotisha zaidi mara nyingi ni ile ya kusoma na kuandika, kwa sababu Kiingereza alichokizoea ni cha vitabu vya kiada na cha kujibia maswali, ilhali cha mtihani huu ni cha watafiti, wahakiki na watunzi wa riwaya.

Kabla ya kukariri neno lolote, ni vyema kujua kinachopimwa. Zile orodha ndefu za maneno adimu zinazozunguka kwa fotokopi zilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena: maswali ya kulinganisha jozi za maneno yaliondolewa mwaka 2005, na yale ya kukamilisha sentensi zisizo na kifungu yakaondolewa mwaka 2016. Mtihani wa sasa hufanywa kwa kompyuta, nje ya Marekani tangu mwaka 2023, na sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 katika dakika 64. Kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno 25 hadi 150, na neno gumu hupimwa likiwa ndani ya kifungu hicho.

Tuchukue swali la kubuni lenye sura ya maswali hayo. Kifungu kinaeleza kwamba kabla ya mwaka 1960 wanasayansi wengi waliamini kuwa kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake. Kisha kinaongeza kwamba Jane Goodall aliwaona sokwe wa Gombe wakipukutisha majani ya vitawi na kuvitumia kunasa mchwa, na kwamba uchunguzi huo “______” imani ya awali, yaani pameachwa pengo la kujazwa. Machaguo ni “corroborated”, “undermined”, “anticipated” na “disguised”. Mwanafunzi mwenye haraka huvutwa na “corroborated”, kwa kuwa lina sura ya kisomi na alilikuta katika orodha fulani. Mwenye utaratibu huziba machaguo kwa kiganja, husoma kifungu, kisha hujaza pengo kwa neno lake mwenyewe, hata likiwa la Kiswahili: uchunguzi huo uliitikisa imani ile, uliidhoofisha. Anapofungua machaguo, “undermined” linamjia lenyewe, na “corroborated”, lenye maana ya kuthibitisha, linaonekana wazi kuwa ni kinyume cha kinachotakiwa. Zoezi hili la kujaza kwanza na kuchagua baadaye ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote. Linahitaji pia jicho la kuona viunganishi: “although” na “despite” hugeuza mwelekeo wa hoja, “indeed” huisukuma mbele, na nukta pacha hutangaza kwamba maelezo ya pengo yanafuata.

Hatari nyingine imejificha katika maneno ambayo mwanafunzi anaamini anayajua. “Novel” si riwaya tu, bali pia ni kitu kipya. “Qualify” huweza kumaanisha kuiwekea hoja mipaka. “Check” huwa kuzuia, na “temper” kupunguza makali. Anayepitia orodha huyaruka maneno haya kwa kuwa ni mepesi, na hapo ndipo alama zinapopotea. Kila ukikutana na neno jepesi lililokaa mahali pasipo pake, simama, fungua kamusi, na usome hata maana ya tatu na ya nne.

Basi usome nini? Anza na mambo unayoyafahamu kwa macho yako. Mtoto wa Kigoma anajua kwamba wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza na hupumzika mwezi unapong’aa, na anajua mwalo wa Kibirizi unavyokuwa siku ambayo samaki hawakupatikana. Akisoma makala ya kisayansi kuhusu Ziwa Tanganyika kwa Kiingereza, atakuta kwamba kina chake kinafikia takriban mita 1,470, kwamba tabaka zake za maji hazichanganyiki kikamilifu, na kwamba kwa hiyo maji ya chini kabisa hayana oksijeni. Humo atakutana na “endemic”, kwa kuwa aina nyingi za samaki wake hazipatikani kwingine duniani. Atakutana na “stratified”, “deplete” na “abundance”. Kwa kuwa jambo lenyewe analijua, maana ya neno humfunulia mlango kabla ya kamusi. Wikipedia nzima huweza kuhifadhiwa kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, ukaisoma bila bando, mradi upate siku moja intaneti yenye nguvu na nafasi ya kutosha kwenye simu. Kwa Kiingereza cha zamani, ambacho nacho hutokea katika mtihani, maandishi ya Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure. Chukua msamiati wake, na dharau yake kwa wenyeji umwachie mwenyewe.

Neno jipya liandikwe kwenye kaunta buku pamoja na sentensi ulimolikuta, wala lisiandikwe peke yake likitazamana na tafsiri. Ukiandika kwamba “examine” ni kuchunguza, “scrutinize” ni kuchunguza na “investigate” ni kuchunguza, utakuwa na maneno matatu na maarifa ya moja. Mfano wa maandishi yanayofaa: chini ya “deplete” andika sentensi yake, andika maneno yanayoandamana nalo, kama “resources” na “oxygen”, andika nomino yake “depletion” na kinyume chake “replenish”, mwishoni tunga sentensi yako kuhusu dagaa. Maneno manane kwa siku, siku tano za juma, yanatosha. Kwa miezi sita utakuwa na takriban elfu moja, ambayo ni mengi kama kweli yamekaa.

Mzaliwa wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba msomi, somo na usomaji ni ndugu. Ahamishie mazoea hayo kwenye mizizi ya Kilatini: “credible”, “credulous”, “incredulous” na “credence” zote zinahusu kuamini. Ila viambishi hudanganya, kwani “invaluable” ni kitu chenye thamani kubwa mno.

Kuhusu kurudia, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi mwanzoni, ndiyo maana marudio ya kwanza yafanyike kesho yake, kisha baada ya siku tatu, juma moja, majuma mawili, na mwezi. Kata kadi za manila, uzipange katika boksi la viatu lenye vyumba vitano. Kadi uliyoijibu husogea mbele, uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza, utaratibu uliopendekezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Programu ya Anki hufanya kazi hiyo hiyo kwenye simu ya Android, bure na bila intaneti. Upande wa mbele wa kadi uwe na sentensi yenye pengo, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoulizwa.

Majuma mawili kabla ya mtihani, acha maneno mapya. Tafuta kompyuta mpakato au kishikwambi cha iPad, kwa kuwa programu ya Bluebook, yenye mitihani ya majaribio ya bure, haifanyi kazi kwenye simu, na ufanye moduli nzima, yaani nusu ya sehemu ya kusoma na kuandika, ya maswali 27 kwa dakika 32. Maswali ya msamiati hutangulia katika kila moduli. Yajibu upesi ili muda ubaki kwa vifungu vizito, na usiache swali lolote wazi, kwani jibu lililokosewa halipunguzi alama.