Muvi uliyoichukia, irudie hivi

Kuna muvi niliiona banda umiza la Manzese nikiwa mdogo nikaiita takataka, juzi nimeirudia na ilipoisha nikabaki nimekaa tu, siongei, kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza usirudie mwaka huohuo. Acha ipite hata miaka mitano, wewe ubadilike kwanza, uwe umeshapanga chumba, umeshaachwa, umeshazika mtu, hapo ndo utaelewa yule baba mkali kwenye muvi alikuwa anaogopa nini.

Halafu jiulize, ulichukia muvi au ulichukia siku ile? Mimi niliiona imetafsiriwa, jamaa anaongea juu ya sauti za waigizaji mwanzo mwisho (na nawapenda sana hao watafsiri, wametulea), ila muvi ya polepole inayotegemea ukimya inafia hapo. Tafuta yenye sauti yake halisi, weka sabtaito, vaa hedifoni, simu iwe mbali.

Na hili wengi hawaliangalii: ni toleo lipi? Blade Runner ilitoka 1982 ikiwa na sauti ya mhusika mkuu anasimulia na mwisho wa furaha, toleo la 1992 vyote viwili vikatolewa, alafu 2007 dairekta wake, Ridley Scott, akaachia lake la mwisho. Kwa hiyo unaweza kukuta umeichukia muvi ambayo dairekta mwenyewe hakuitaka vile.

Mara ya pili stori unaijua, basi usiifukuzie, angalia nyuso, angalia nani kanyamaza wenzake wakiongea. Nusu saa ikipita bado inakuboa, zima ukalale.